Usiniulize ligacha kwa jina la klarineti

Juzi nimepokea simu ya nne mwaka huu yenye swali lile lile kuhusu ligacha, ule mkanda unaobana ridi (ulimi mwembamba wa mwanzi unaotoa sauti) kwenye mauthipisi, kipande cha kupulizia. Safari hii ni mwalimu wa bendi ya kanisa, upande wa Urambo. "Fundi, nakutafuta wewe tu. Nahitaji ligacha ya klarineti ya besi ya Bundy. Nimeambiwa hizo zilishaacha kutengenezwa, basi tumekiweka chombo stoo."

Nikamuuliza mauthipisi yake imeandikwa nini. Akanyamaza kidogo. "Si ni ile ile iliyokuja nayo?" Nikamwomba aende akaangalie, mimi nipo kwenye simu. Aliporudi akanisomea: Vandoren, B46. Yaani klarineti ni ya Marekani, mauthipisi ni ya Ufaransa, na miezi saba huyu ndugu amekuwa akisaka ligacha ambayo hata angeipata, huenda ingepwaya au isiingie kabisa.

Inaniuma. Klarineti ya besi, chombo kikubwa cha kupuliza chenye sauti nzito, ni adimu huku kwetu Tabora. Chombo kizima, vitufe vyote vinafunga, pedi hazivuji, kimelala stoo miezi saba kwa ajili ya kitu chepesi kuliko yai la kuku.

Basi niseme kwa herufi kubwa moyoni: LIGACHA INASHIKA MAUTHIPISI. Haigusi klarineti popote. Klarineti yako inaishia shingoni, pale mauthipisi inapochomekwa. Ukitaja jina lililochongwa kwenye kengele ya chombo, muuzaji naye anakupa jibu la swali ambalo hukupaswa kuuliza. Watengenezaji wa mauthipisi za besi hawajakubaliana unene wa nje. Selmer ana wake, Vandoren wake, Yamaha wake, na za zamani ni mchanganyiko mtupu. Kwa hiyo hata maneno "ya klarineti ya besi" kwenye boksi hayatoshi.

Watu huniambia, "Fundi, tofauti ni milimita moja tu, si utakaza skrubu?" Hapa ndipo subira yangu inapokwisha. Milimita 1 ya kipenyo ni zaidi ya milimita 3 za mzunguko. Chukua ligacha ya chuma, tazama ule mwanya kati ya masikio mawili yanayopitisha skrubu. Kama mwanya unafunga kabla ligacha haijabana, utakaza mpaka skrubu ikatike na ridi bado itateleza. Na kama ligacha ni ndogo, unailazimisha, inakaa juu mno, inabana sehemu ya ridi inayotakiwa kutikisika, chombo kinalia kama mlango wenye kutu. Kisha lawama anabebeshwa mpigaji, mara nyingi kijana anayejifunza.

Sasa upimaji. Wenye venia, kile kifaa cha kupimia unene, hupima mauthipisi tupu, wakaniandikia kipenyo. Si kibaya, ila hakitoshi, maana ligacha inazunguka mauthipisi pamoja na ridi, na umbo hilo si duara kamili. Mimi natumia karatasi. Weka ridi mahali pake, zungusha ukanda mwembamba wa karatasi ukiubana, tia alama pale unapokutana, ukunjue, upime kwa rula. Fanya hivyo mara mbili, pale ukingo wa juu wa ligacha utakapokaa na pale ukingo wa chini utakapokaa, kwa sababu mauthipisi inapungua unene kuelekea mdomoni. Mauthipisi nyingi zina mistari iliyochongwa kuonyesha ligacha ikae wapi. Namba hizo mbili ndizo jina la ligacha yako. Nyingine zote ni hadithi.

Ukishakuwa na namba hizo, dunia inafunguka. Ligacha nyingi za saksafoni ya alto, zile za mauthipisi ya ebonaiti (mpira mgumu), hukaribia sana kipimo cha klarineti ya besi. Za mauthipisi ya chuma usihangaike nazo, ni nyembamba. Ligacha za kitambaa au ngozi, mfano za kampuni ya Rovner, zinasamehe zaidi kuliko chuma kwa sababu zinajikunja kufuata umbo. Ila kama umezoea kuweka ridi ya saksafoni ya tenori, na wengi wetu tunafanya hivyo ridi za besi zikikosekana, pima na ridi hiyo hiyo, maana upana na unene si sawa.

Kabla ya hapo, niletee ile "iliyokufa". Mara nyingi imepoteza skrubu tu. Au sikio limebanduka, linaunganishwa kwa risasi na moto mdogo. Iliyopindika naivisha kwenye kipande cha mninga nilichokichonga kwa umbo la mauthipisi, naigonga taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka irudi.

Na kama hakuna chochote, kuna uzi. Watu huona nawadanganya. Kabla ligacha ya chuma haijaenea mwanzoni mwa karne ya 19, jambo linalohusishwa na mpigaji Iwan Müller, ridi ilifungwa kwa uzi. Wajerumani wengi wanafunga kwa uzi mpaka leo, tena mauthipisi zao zinachongwa mifuo ya kuushika. Kwetu nta si shida, mkoa huu ni wa asali. Natumia uzi wa washona viatu, naupaka nta, nauzungusha mzunguko ubavuni mwa mzunguko, ncha naichomeka chini ya mizunguko ya mwisho. Ni kazi ya dakika tano, na kubadilisha ridi katikati ya ibada ni taabu. Lakini chombo kinaimba.

Kuna mtu atauliza kuhusu sauti: je, ile ya zamani haikuwa na sauti yake? Hapa sina uhakika wa kutembea nao kifua mbele. Nimejaribu uzi, chuma na ngozi kwenye mauthipisi moja na ridi moja. Mdomoni nilihisi tofauti, uzi ukinipa mwanzo wa noti ulio laini zaidi. Mwenzangu aliyekaa ng'ambo ya chumba, amenigeuzia mgongo, hakutambua nilipobadilisha. Nimerudia siku nyingine, hali ile ile. Naamini nilichohisi, na naamini masikio yake pia. Ninachokataa ni chombo kukaa kimya kwa sababu ya tofauti ambayo waumini kwenye mabenchi hawaisikii.

Mwalimu wa Urambo alinitumia picha ya karatasi yake ikiwa juu ya rula. Nilikuwa na ligacha ya alto inayokaribia, nikaikwangua kidogo kwa msasa kwa ndani, nikampa kondakta wa basi la saa nane. Jioni akapiga tena, bila salamu, akaweka simu mezani, nikasikia noti ya chini kabisa ya kile chombo. Ilitetemeka mwanzoni, kisha ikatulia.

Skrubu ya chini aikaze kuliko ya juu. Hilo nilisahau kumwambia, nimemwandikia leo asubuhi.