Fort Hare: chuo ambacho siasa yake ilianzia mesi

Kila nikitaja Fort Hare darasani lazima mtu aseme "si kile chuo cha Mandela?" Ndio hichohicho, ila Mandela mwenyewe alikaa pale kama miaka miwili tu akaondoka bila digrii, na wala hakufeli mtihani, ilikuwa ishu ya msosi na serikali ya wanafunzi, nitafika huko. Nafundisha historia ya vyuo vya Afrika na hiki ndicho nakipenda kuliko vyote, kwa hiyo mnivumilie.

Chuo kiko Alice, kamji kadogo Eastern Cape, Afrika Kusini, karibu na mto Tyhume. Pale zamani palikuwa na ngome ya Waingereza, waliijenga miaka ya 1840 wakipigana na Waxhosa, wenyeji wa pale, wakaipa jina la afisa wao wa jeshi, afu mwaka 1916 wamisionari pamoja na Waafrika waliokuwa wamesoma wakafungua chuo palepale. Yaani watoto wa walionyang'anywa ardhi wanaenda kusaka digrii kwenye kambi ya aliyewanyang'anya, na jina la yule afisa lipo mpaka leo! Kauli mbiu wakaitoa Zaburi ya 36, "katika nuru yako tutaona nuru", kwa Kilatini lakini, si unajua wasomi.

Mabweni yaligawanywa kwa madhehebu. Mmethodisti unalala Wesley House, Mwanglikana Beda Hall, Mpresbiteri Iona. Mandela alikuwa Wesley, Oliver Tambo, aliyekuja kuwa rais wa ANC, chama cha ukombozi cha kina Mandela, yeye Beda. Mandela alishasimulia kwamba Fort Hare ndiko alikovaa pajama mara ya kwanza, akatumia mswaki na dawa badala ya majivu, akakutana na choo cha kuvuta maji na bafu la maji ya moto. Wanafunzi wangu hapo huwa wanacheka, mimi sicheki sana kwa sababu bibi yangu alisugua meno kwa mkaa mpaka anafariki na alikuwa nayo karibu yote.

Sasa ule msosi. Mwaka 1940 wanafunzi wamechoka na chakula, tena wanataka baraza lao liwe na nguvu, uchaguzi ukafika wengi wakasusa. Chuo kina watu kama 150, waliopiga kura ni 25 hivi, wakachagua sita, Mandela akiwemo, na wote sita wakajiuzulu kwa sababu wengi hawakupiga kura. Mkuu wa chuo, Alexander Kerr, hakuwa mjinga, akasema kura irudiwe mesi wakati wa chakula cha jioni maana hapo kila mtu yupo. Wakapiga walewale 25, wakapita walewale sita. Watano wakaona basi, yaishe. Mandela peke yake akagoma, akaambiwa ukitaka kurudi mwakani kubali kukaa kwenye baraza, hakurudi. Digrii akaimalizia kwa posta, akaja kuvaa joho palepale Fort Hare 1943. Tambo naye akatimuliwa 1942 kwa mgomo.

Watu wanaona hizi ni fujo za wanafunzi, kama sisi tulivyokuwa tunagomea bumu, ile pesa ya kujikimu chuoni, likichelewa, lakini mimi naona kule mezani ndiko walikojifunza kususa, kuhesabu kura na kukataa wakiwa wachache. 1949 rais wa wanafunzi alikuwa Robert Sobukwe, yule aliyekuja kuanzisha chama cha PAC kupinga ubaguzi wa rangi, muone mwenyewe.

Na hawakuwa Wasauzi peke yao. Seretse Khama, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Botswana, alipita pale, Mugabe wa Zimbabwe pia. Kwetu huku Makerere ilikuwa bado haitoi digrii, kwa hiyo kina Eliud Mathu na Charles Njonjo wa Kenya na Yusuf Lule wa Uganda walifunga safari mpaka Alice. Herbert Chitepo, aliyekuja kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa Tanganyika, ni zao la hukohuko.

Hiyo michanganyiko ndiyo makaburu hawakuitaka. 1959 ikapita sheria, 1960 serikali ikakichukua chuo kikawa cha Waxhosa tu. Profesa Z.K. Matthews, mtu wa kwanza kupata digrii pale, aliacha kazi akapoteza pensheni kuliko kuwatumikia. Miaka iliyofuata ilikuwa ya polisi na migomo, sitaki kuirefusha.

Cha mwisho kinatuhusu sisi. ANC iliporuhusiwa tena baada ya kupigwa marufuku, nyaraka zake za uhamishoni zilipelekwa Fort Hare, na ndani yake zimo za shule yake ya Solomon Mahlangu iliyokuwa Mazimbu, Morogoro. Majengo yako SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ukipanda daladala unafika. Ila ukitaka kujua watoto wale wa Mazimbu nao walilalamikia chakula gani, jipange na nauli ya Alice.