"Barrage" si mvua ya makombora

Kila vita vinapopamba moto Ulaya au Mashariki ya Kati, tafsiri zinazofika kwenye madawati ya habari hapa Nairobi huja na kosa lile lile: neno la Kiingereza barrage limeandikwa "mvua ya makombora", na mtafsiri anaapa kwamba maana yake ni wingi. Wingi wa kiasi gani? Hana jibu.

Asili ya neno ni Kifaransa, kutokana na barrer, yaani kuziba njia. Hata ukuta wa kuzuia maji ya mto huitwa barrage. Jeshini lilikuja kama tir de barrage, upigaji wa kuziba njia, na Waingereza wakalichukua wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kinachotazamwa ni mstari: mizinga inalengwa ili makombora yaangukie mstari mmoja kwa wakati mmoja, adui asipite, au asithubutu kuinua kichwa handakini.

Aina iliyovuma zaidi ni ile inayotambaa. Huko Vimy, Ufaransa, 9 Aprili 1917, askari wa Kanada walitembea nyuma ya ukuta wa makombora uliosogezwa mbele yadi 100, kama mita 91, kila baada ya dakika 3. Wapiga mizinga walifuata saa na ratiba, kwa sababu nyaya za simu zilikatwakatwa na makombora na habari za mbele hazikufika kwa wakati. Udhaifu wake uko papo hapo. Askari akiharakisha, anaingia kwenye makombora ya upande wake. Akikwama, ukuta unamwacha, na adui anatoka shimoni na kutega rashasha. Tope la Passchendaele, Ubelgiji, Oktoba 1917, liliwafanyia askari hivyo hasa.

Sasa tazama Somme, Ufaransa. Kwa siku 7 kabla ya 1 Julai 1916, Waingereza walirusha takriban makombora milioni 1.5. Wingi huo hapo! Lakini kazi yake ilikuwa kubomoa mahandaki na kukata seng'enge, na seng'enge sehemu nyingi haikukatika. Kwa hiyo palipo na mstari, andika "ukuta wa makombora". Pasipo na mstari, "mashambulizi mfululizo ya mizinga" yanatosha. Waingereza wenyewe siku hizi hulitumia neno hili ovyo, hata kwa maswali ya waandishi wa habari, kwa hiyo soma muktadha kwanza. Mvua waachieni watu wa hali ya hewa.

Kuna na madai mengine ya kusahihisha. "Strafe, yaani kumiminia risasi kutoka angani, ni ya ndege tu." La. Ni strafen ya Kijerumani, kuadhibu, kutoka kwenye kaulimbiu "Gott strafe England" (Mungu aiadhibu Uingereza) ya 1914. Askari wa Uingereza waliigeuza mzaha, wakaiita hivyo mizinga waliyopigwa, kabla neno halijahamia kwenye ndege.

"Kubombadi kulianza na mabomu ya ndege." La. Neno linatokana na bombarda, uliokuwa mzinga wa kurusha mawe, karne kadhaa kabla ya ndege yoyote kuruka.

"Mizinga 21 ya rais huangukia wapi?" Hakuna kinachoanguka. Ganda lina baruti tu, halina kombora.

Na hili la vichwa vya habari, "mizinga yaanguka mjini": mzinga ni silaha yenyewe, una magurudumu na mtutu, na unabaki nyuma kilomita kadhaa. Kinachoanguka mjini ni kombora.