Faili kwenye tupio haikutupwa ovyo na programu

Wengi Unguja na Pemba huamini kwamba faili ikishapanda mtandaoni imehifadhika huko, hata ukiifuta kwenye simu. Basi mtu akipunguza mafaili ili apate nafasi, kisha akaikuta hati ya shamba la mikarafuu kwenye tupio la akaunti yake, yaani sehemu ya mafaili yaliyofutwa, hudhani programu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni imeharibika au kuna mtu ameingilia.

Ni dhana inayoeleweka, lakini programu kama Google Drive na Dropbox kazi yake kubwa ni kuzifanya pande zote, yaani simu, kompyuta na akaunti ya mtandaoni, zilingane. Kinachoongezwa huku kinaongezwa kule, na kinachofutwa huku kinafutwa kule. Programu haiwezi kujua kama umefuta kwa makusudi, au mtoto ameichezea kompyuta, au mwenzako mnayetumia akaunti moja kaiondoa. Ndiyo maana haiipotezi papo hapo, huipeleka kwenye tupio ili uweze kuirudisha. Google Drive huiweka humo siku 30, kisha huifuta kabisa. Na siku zote hizo faili inaendelea kula nafasi ya akaunti!

Jaribu mwenyewe: tengeneza faili isiyo na thamani, ifute ndani ya programu hiyo kwenye simu, kisha fungua akaunti kwenye kompyuta ya nyumbani uangalie tupio. Vyeti vya kuzaliwa na hati za ardhi, tafadhali, viwekee nakala nyingine kwenye flashi ambayo programu hiyo haiigusi.