Cheti cha Tabia Njema Hakimfanyi Mtu Kuwa Meneja wa Baa

"Huyu hana kesi polisi, kwa hivyo anafaa." Kauli hii imenifika tena wiki hii, kutoka kwa mwenye baa aliyeniletea faili ya leseni. Cheti cha tabia njema cha meneja wake kilikuwa juu kabisa, ndani ya plastiki. Chini yake hakukuwa na kitu kingine chochote kumhusu meneja huyo.

Jamani, cheti hicho hapa Kenya hutolewa na DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, baada ya mtu kupigwa alama za vidole. Kinaeleza kama una rekodi ya jinai, basi. Hakielezi kama unaweza kumnyima pombe mtu anayeitaka, na kazi yenyewe ni hiyo.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, Sheria ya Mututho kama tunavyoiita kwa jina la mbunge aliyeileta, inairuhusu kamati ya leseni ikatae kuhuisha leseni ikiridhika kwamba mwenye leseni si mtu anayefaa, au kwamba biashara inaendeshwa ovyo. Baada ya ugatuzi kaunti zimetunga sheria zake, kwa hiyo soma ya kwenu. Usafi wa vyoo na umbali wa mita 300 kutoka shuleni sina la kusema. Hayo hukaguliwa na kumalizwa. Neno "anayefaa" ndilo watu hulikwepa, maana halina fomu ya kujaza.

Mimi humuuliza meneja hivi: ni saa nne na dakika hamsini usiku, siku ya kazi. Kwa sheria ya kitaifa baa ya kawaida inafungwa saa tano. Mwenye baa yuko kona na wageni wake, mmoja ni mkubwa wa serikali, na wanaagiza chupa nyingine mbili. Unafanyaje?

Wengi hujibu kwamba watawaeleza sheria. Hilo ni jibu la mtihani. Dada mmoja aliyeanza kama mhudumu alinijibu tofauti: "Saa nne u nusu nishatangaza oda ya mwisho, meza kwa meza, na bili ya mdosi nimeipeleka mwenyewe. Nikingoja hiyo hamsini, nimeshachelewa." Kisha akatoa daftari: tarehe, saa, nani alikataliwa na kwa nini, kijana gani hakuwa na kitambulisho. Ukurasa mmoja ulikuwa na doa la bia. Daftari lile lina uzito kuliko cheti.

Tena kuna ununuzi. Mei 2014 pombe yenye methanoli, alkoholi ya sumu, iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Meneja anayefaa humfukuza msambazaji wa bei ya kutupa, na stempu za ushuru za KRA, mamlaka ya kodi, huzipima kwa programu ya Soma Label kabla kreti haijaingia stoo. Anayetetemeka mbele ya tajiri wake atapokea chochote kile.

Kosa lipo upande wa pili pia: aliyewahi kuhukumiwa anatupwa moja kwa moja. New Zealand, ambako lazima meneja mwenye cheti cha umeneja awe kazini wakati wote pombe inapouzwa, kuna mwongozo wa tangu 1995: kwa kawaida hutazamwa miaka 5 bila hukumu nzito au ya ulevi, na angalau miaka 2 kwa kosa dogo la pekee. Naupenda kwa sababu unauliza kosa lenyewe ni lipi na limepita muda gani. Ila sijui kwa nini iwe 5 na si 4, na wala sidhani namba yoyote inaweza kupima kubadilika kwa mtu.

Nina shaka na mahojiano yenyewe pia. Mwenye ulimi mtamu hupita, na mpole aliyeendesha kaunta miaka bila fujo hugugumia mbele ya kamati. Ndiyo maana nawasihi wanakamati waende baa usiku wa Jumamosi bila taarifa, wakae, watazame.

Nawe mwenye baa, ukija kwangu uje na meneja, na barua yake ya ajira. Nitaanzia pale penye mshahara. Ikiwa unamlipa kamisheni kwa kila chupa, tutairekebisha barua hiyo kwanza kabla sijagusa fomu ya leseni.