“Ni malaria tu, imempanda kichwani”: tunavyopoteza wagonjwa wa ensefalitisi, ugonjwa wa ubongo kuvimba

Kwa anayefanya kazi wodini huku Kisumu, hakuna kauli anayoisikia zaidi ya hiyo, na kwangu hakuna inayokera zaidi, kwa sababu huletwa pamoja na mgonjwa aliyekwisha kaa nyumbani siku nne. Alianza na homa na kuumwa kichwa. Kemisti akampima damu ya kidole, mistari miwili ikatokea, akapewa vidonge vya siku tatu. Kesho yake akamwita mkewe kwa jina la dada yake na kuvaa shati kinyumenyume. Jamaa wakasema tungoje, dawa bado haijashika. Siku ya nne wakamleta na degedege.

Malaria ya ubongo ipo, na hapa kandokando ya ziwa inaua watoto. Lakini ile mistari miwili inasema jambo moja tu: vimelea wapo damuni, au walikuwepo juzijuzi, maana kipimo cha haraka huweza kuendelea kusoma malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Hakisemi kwamba malaria ndiyo iliyomvuruga akili. Huku kwetu mtu hubeba vimelea na bado analima na kuendesha boda boda bila kuumwa popote. Tena mtu mzima aliyezaliwa na kukulia Ahero, hapa karibu na Kisumu, akiumwa na mbu tangu utotoni, mwili wake huwa umejenga kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Huyo akipata homa na kuanza kuchanganyikiwa ghafla, mdungeni artesuneti, dawa ya malaria kali, sawa, lakini saa ileile tafuteni chanzo kingine. Matibabu ya malaria na uchunguzi wa ubongo vinaenda pamoja.

Ensefalitisi ni ubongo wenyewe kuvimba, mara nyingi kwa sababu ya virusi. Homa ya uti wa mgongo hushika utando unaoufunika ubongo, ndiyo maana shingo hukakamaa. Kwenye ensefalitisi tabia, usemi na fahamu huharibika mapema. Magonjwa haya mawili huweza kumshika mtu kwa pamoja. Chanzo kimojawapo kikubwa ni virusi vya herpesi, vilevile vinavyotoa malengelenge mdomoni, na hivi vina dawa: asiklovia ya mshipani, kila baada ya saa 8, kwa siku 14 hadi 21. Wasiotibiwa, takriban 7 kati ya 10 hufa, na wengi wanaosalia hubaki na kumbukumbu iliyoharibika. Vidonge vya malaria havivigusi virusi hivi hata kidogo. Kwa hiyo zile siku za kungoja nyumbani ndizo zinazoniuma.

Halafu tukishashuku, tunagonga ukuta wa pili: “Sindano ya mgongo itampoozesha.” Hapana. Kwa mtu mzima, ule ugwe wa neva unaopita ndani ya mgongo huishia juu kidogo ya kiuno. Sisi tunadunga chini yake, karibu na pale mshipi unapokaa, ambako kuna maji na nyuzi za neva zinazoelea. Mgonjwa hulala ubavu, magoti kifuani, anatiwa ganzi, kisha maji yanadondoka tone kwa tone kwenye vichupa. Baadaye huenda akaumwa kichwa siku chache. Wapo ambao sisi wenyewe huahirisha kuwadunga hadi picha ya kichwa ipigwe, tukihofia shinikizo ndani ya fuvu. Hofu hii ya sindano najua inakotoka: jamaa hukataa, hukataa, kisha hukubali mgonjwa akiwa hoi, akifa lawama inabebwa na sindano. Nawasihi, mkiona homa na tabia iliyobadilika, iulizieni ninyi wenyewe siku ya kwanza.

Kauli nyingine tunazozisikia: “Ana uvimbe, atapasuliwa lini?” Ubongo ndio uliovimba; kichwani hakuna saratani wala kitu cha kukata.

“Ana juogi.” Yaani mapepo, kwa Kiluo. Mwaka 2007 daktari Josep Dalmau na wenzake walieleza aina ya ensefalitisi ambayo kinga ya mwili hushambulia ubongo. Huwashika zaidi wanawake vijana: mgonjwa hapati usingizi, anasikia sauti, anapiga kelele, na degedege huweza kuja baadaye. Inatibika. Maombi yaendelee, lakini yaendelee akiwa hospitalini.

“Mtie kijiko mdomoni.” Utamvunja meno. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu kando yake, mlete.

“Mbwa alimparura tu.” Kichaa cha mbwa nacho ni ensefalitisi, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende kuchanjwa siku hiyohiyo. Na mtoto apate chanjo ya surua miezi 9 na tena miezi 18, maana surua pia hufika ubongoni.

“Ameruhusiwa, amepona.” Homa ndiyo imekwisha. Kusahau, hasira za ghafla na uchovu huweza kuendelea kwa miezi, na si uvivu wala kiburi. Mwalimu wake au mwajiri aelezwe, tarehe za kliniki zifuatwe, na dawa za degedege zisiachwe mpaka daktari aseme.