Kasi moja, majibu manne: dhana potofu kuhusu simulesheni za 4G

Wanafunzi wa mawasiliano hapa Mwanza wanaoiga mtandao wa 4G kwa ns-3 (kiigizi cha mitandao kwenye kompyuta) hukwama palepale: programu inayotuma data inaonyesha kasi hii, faili la RLC (tabaka linalopanga pakiti kwa safari ya redio) linaonyesha ile, na MAC (tabaka linalogawa nafasi za kutuma hewani) ina yake. Wengine hufuta kazi nzima na kuanza upya. Inauma, maana mara nyingi hapakuwa na kosa lolote.

Dhana: namba zisipolingana, simulesheni imeharibika.

Kila tabaka huhesabu mzigo pamoja na vifungashio vyake, kama mizani ya Mwaloni Kirumba inavyopima dagaa pamoja na gunia. Chukua pakiti ya baiti 1000 kutoka kwenye programu. UDP (itifaki ya kusafirisha) huongeza heda, yaani maelezo ya mbele ya pakiti, ya baiti 8, IP (itifaki ya anwani) 20, PDCP (tabaka lililo juu ya RLC) 2, na RLC, isipoikata pakiti, huongeza 2 nyingine. Jumla 1032. Programu ikituma megabiti 1 kwa sekunde, RLC itasoma 1.032, na zote mbili ni kweli.

Tofauti hiyo ni ndogo, ndiyo maana watu huidharau. Sasa weka sauti: pakiti 50 kwa sekunde, kila moja baiti 20. Programu inatuma kilobiti 8 kwa sekunde. RLC inabeba 20.8. Mitandao halisi hupunguza mzigo huu kwa kubana heda kwenye PDCP, lakini moduli ya LTE (teknolojia ya 4G) ya ns-3 haifanyi hivyo. Ukinasa pakiti kwenye waya unaoelekea mnarani utakuta baiti zaidi kwa kila pakiti, za handaki la GTP, yaani kifungashio kinachoibeba pakiti hadi mnarani.

Dhana: kilichotumwa ndicho kilichofika.

Hapa ndipo ripoti nyingi huharibikia. Katika hali ya UM (isiyothibitisha upokeaji), bafa ya RLC, yaani foleni ya pakiti zinazosubiri, kwenye ns-3 ina baiti 10,240 tu usipoibadilisha. Ikijaa, pakiti hutupwa kimyakimya. PDCP ilishaziandika kuwa zimetumwa, kwa hiyo safuwima ya TxBytes (baiti zilizotumwa) inapendeza huku mpokeaji akikosa data. Kasi ihesabiwe kwa RxBytes (baiti zilizopokelewa). Upande wa MAC, data ikiharibika hewani hutumwa tena, na ukijumlisha kila utumaji utapata kasi ambayo mtumiaji hakuiona. RLC ya AM (inayothibitisha upokeaji) nayo ina marudio yake.

Dhana: RLC ikisoma megabiti 18, mtumiaji anapata 18.

Angalia kwanza kama uliweka EPC (mtandao wa kiini wa 4G). Bila EPC, ns-3 hutumia RLC ya kujaza: kila nafasi ya kutuma inajazwa data ya bandia, na hakuna programu wala IP juu yake. Kwa bloku 25 za redio (megahezi 5), antena moja na ishara nzuri kabisa, kifurushi cha biti 18,336 hupita kila milisekunde. Hizo ni karibu megabiti 18 kwa sekunde, na huo ni uwezo wa redio, si kasi ya mtumiaji.

Dhana: ili kupata kasi, gawa data kwa muda wote wa simulesheni.

Programu ikianza sekunde ya 1 katika simulesheni ya sekunde 5, mkondo wa megabiti 10 utaonekana kuwa 8. Gawa kwa sekunde 4.

Dhana: nikiweka minara kwa ramani ya Mwanza, nimeiga Mwanza.

Modeli ya kufifia kwa ishara ambayo LTE ya ns-3 hutumia usipochagua nyingine ni ya Friis, yaani anga tupu. Haijui vilima vya mawe vya Bugando wala mawimbi ya redio yanayoakisiwa na maji kwenye njia ya kivuko cha Kamanga. Kabla ya kulinganisha matokeo yako na kipimo cha simu uliyoshika Capri Point, badili modeli hiyo. Vipimo vingi vya simu hutumia TCP (itifaki inayotuma tena kilichopotea), kwa hiyo nawe iga TCP, upime kwenye programu ya mpokeaji, na uandike tabaka hilo kando ya kila namba kwenye jedwali.