Maktaba ya Shule Si Stoo ya Vitabu: Dhana Potofu Kuhusu Ujuzi wa Kidijitali

Shule nyingi za sekondari zikipata kompyuta huzifungia kwenye chumba cha peke yake na kumkabidhi ufunguo mwalimu wa kompyuta. Mkutubi anabaki na vitabu vyake. Mgawanyo huo umesimama juu ya dhana kadhaa, na karibu zote ni dhaifu.

Dhana: Watoto wa siku hizi wamezaliwa na simu mkononi, hawana la kufundishwa.

Kuperuzi ni jambo moja, kutafuta taarifa na kuipima ni jingine. Upimaji wa kimataifa wa ujuzi wa kompyuta na taarifa, ICILS, wa mwaka 2018, uliohusisha wanafunzi wa mwaka wa nane wa shule katika nchi kama Denmark, Finland na Korea Kusini, ulikuta asilimia 2 tu wamefika ngazi ya juu, ile ya kuchagua mwenyewe taarifa inayofaa na kupima kama inategemeka. Hizo ni nchi ambazo kompyuta shuleni si habari.

Upungufu huonekana tangu kwenye kisanduku cha kutafutia. Mwanafunzi huingiza swali kama lilivyo, "Eleza sababu tano za Vita vya Majimaji", kisha hufungua jibu la kwanza, ambalo mara nyingi ni notsi zilizonakiliwa kutoka notsi nyingine. Afundishwe kuacha maneno ya swali na kubakiza ya mada: Majimaji, Kinjekitile, pamba, 1905. Akitaka kurasa za vyuo vya Tanzania pekee aongeze site:ac.tz, akitaka machapisho, filetype:pdf. Jina la maneno mawili au zaidi aliweke ndani ya alama za kunukuu. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha, mradi swali litoke kwa mwalimu wa historia na lipewe alama. Zoezi lisilo na alama halikumbukwi wiki inayofuata.

Dhana: Tovuti ikiwa nadhifu, ina anwani na inaishia na .org, ni ya kuaminika.

Kikoa (jina la tovuti na mwisho wake) cha .org husajiliwa na yeyote anayelipia. Vyenye masharti ni kama go.tz, cha taasisi za serikali, na ac.tz, cha vyuo.

Hata ile karatasi ya maswali iliyobandikwa ukutani (mwandishi yupo? tarehe ipo? simu ipo?) imepitwa na wakati, kwa sababu tapeli hujaza vyote. Mwaka 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria na wanafunzi waling'ang'ania ukurasa, wakausoma juu hadi chini, na mara kwa mara nembo na majina makubwa yaliwapoteza. Wahakiki waliuacha upesi, wakafungua vichupo vingine kuona watu wa nje wanasema nini kuuhusu. Basi somo la kwanza ni kutoka kwenye ukurasa, somo ambalo walimu wengi huona gumu kulikubali kwa kuwa tumezoea kusifu usomaji wa makini.

Somo la pili ni kusoma kiungo. Chukua kile kinachozunguka kwenye makundi ya WhatsApp msimu wa mikopo, cha aina hii: wizara.go.tz.maombi-leo.com/fomu. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti (ule pacha wa https:// hauhesabiwi), kisha soma kuelekea kushoto. Mwenye tovuti ni maombi-leo.com. Hiyo go.tz iliyotangulia ni pambo, mwenye kikoa anaweza kuandika chochote hapo. Waandikie ubaoni viungo kumi vya namna hii, wapigie mstari jina la mwenye mali. Kompyuta haihitajiki hata moja.

Dhana: Bila intaneti hakuna kinachofundishika.

Programu ya Kiwix hufungua Wikipedia nzima bila bando, na ile ya Kolibri hubeba video na mazoezi ya masomo. Vyote hukaa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi na kusambazwa kwa Wi-Fi ya chumbani. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha ni karibu GB 100, hivyo nunua memori kadi ya GB 256; ya Kiswahili ni ndogo zaidi kwa mbali.

Yanayokwamisha ni madogo. Kadi iliyoandaliwa (iliyofomatiwa) kwa mfumo wa FAT32 hukataa faili linalozidi GB 4, kwa hiyo kadi au flashi ya kubebea mafaili hayo iandaliwe kwa exFAT. Chaja ya simu ya kawaida huishiwa nguvu: Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Umeme ukikatika ghafla kadi inaweza kuharibika, basi Raspberry Pi izimwe kwa utaratibu na nakala ya pili ya kadi ikae kwenye droo. Wanafunzi wakizidi kumi hivi, Wi-Fi yake yenyewe huelemewa, unganisha ruta.

Dhana: Akili mnemba imemaliza kazi ya mkutubi.

Imemwongezea. Programu hizi hutunga marejeo yanayoshawishi ya vitabu ambavyo havipo. Kipimo cha haraka ni ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ya tarakimu 13: zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha jumlisha. Jumla lazima igawanyike kwa 10. Namba ya mfano 978-3-16-148410-0 inatoa 100. Badili 8 ya pili iwe 9, unapata 101, namba batili. Vitabu vya Tanzania kwa kawaida huanza na 978-9976 au 978-9987, vya Kenya 978-9966.

Namba kupita hesabu hakuthibitishi kitabu, kwani inaweza kuwa ya kitabu kingine kabisa. Hatua ya mwisho ni katalogi: ya shule, ya maktaba ya mkoa, au WorldCat, katalogi ya mtandaoni ya maktaba za nchi nyingi.

Dhana: Usalama mtandaoni ni kufunga tovuti mbaya.

Kwenye mashine ya watu wengi, hatari ya kila siku ni barua pepe iliyoachwa wazi. Weka akaunti ya mgeni, kivinjari kifute kumbukumbu zake kikifungwa, na anayeondoka ahakikishe ametoka kwenye akaunti yake kabla hajarudisha kiti.